Mkono Ulioacha Kamba

Mtu akianguka kutoka juu hapigi kelele kama watu wanavyodhani. Kelele huja baadaye, kutoka kwa wanaotazama. Yule niliyemwona mimi alianguka kimya, mgongo ukitangulia, mikono imetanuka kama ya mtu anayekumbatia pipa, na sauti ya kwanza niliyoisikia kutoka kwake ilikuwa ya nyonga yake ikivunjika juu ya godoro. Ilikuwa sauti kavu, ya kuni inayovunjwa kwa goti.

Lakini kabla ya sauti hiyo, king'ora cha mashine yangu kilikuwa kimeshalia. Nataka hilo lijulikane mapema. Mashine yangu iliona, mashine yangu ililia, na kwa sababu ililia, mtu huyo leo anatembea, ingawa anachechemea.

Mashine hiyo niliitengeneza mimi. Sikutumwa na shirika, sikusomeshwa na mjomba. Nilikulia Malawi, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwenye nyumba ya matofali mabichi, baada ya askari kumpiga baba yangu kwa vitako vya bunduki mlangoni kwetu Bukavu, Kongo, mpaka akaacha kuinua kichwa. Nilipopata nguvu za mwanaume nilikwenda Afrika Kusini kwa njia za watu wasio na karatasi. Huko Johannesburg nilipata kazi ya kupiga deki katika ukumbi wa kupanda kuta, mahali ambapo watu wenye afya na viatu vizuri hupanda ukuta wa mbao wenye vishikio vya plastiki vya rangi, mmoja akiwa juu amefungwa kamba kiunoni, mwenzake akiwa chini ameishika ile kamba. Siku moja mshika kamba alitoa mkono ili atazame simu yake. Mwanamke aliyekuwa juu akaja chini na kichwa chake kikagonga ukingo wa chuma. Damu ile niliifuta mimi. Niliifuta mara mbili, kwa sababu iliingia kwenye mishono ya mpira wa sakafu, na nilipokuwa nimepiga magoti nikajiambia kwamba jicho la mtu huchoka, jicho la kamera halichoki.

Nikasoma. Nilifuta sakafu na nikasoma, mpaka nikapata diploma ya kompyuta, yenye muhuri na jina langu limeandikwa bila kosa. Miezi michache baadaye kundi la watu likaja mtaani kwetu mchana kweupe na nyundo na mapanga, likitafuta wageni. Jirani yangu, kinyozi mpole kutoka Maniema, walimtoa nje wakampiga nyundo usoni hadi uso ukapoteza umbo lake. Mimi nilitoka dirishani. Nilishuka ghorofa tatu kwa bomba la maji ya mvua, diploma ikiwa ndani ya shati, panga likanichana bega nilipokuwa karibu kugusa ardhi. Wenzangu wote wa chumba kile, waliozoea kunicheka kwa kujifunza kupanda kuta ukumbini usiku, walijaribu ngazi. Hakuna aliyenicheka tena kwa sababu ya kupanda kuta.

Basi nikarudi. Watu wa kambini huniuliza hadi leo ni mtu gani anayerudi Dzaleka kwa hiari yake. Mtu ambaye mama yake yuko hapo, na mtu anayejua kitu ambacho hakuna mwingine anayekijua Lilongwe nzima.

Bahati ilinikuta, au niseme mimi niliikuta. Mfanyabiashara mmoja mwenye duka la jumla la vyombo kule Old Town alikuwa na ghala la zamani la tumbaku, refu kama kanisa, na alikuwa ameanza kulijengea ukuta wa kupanda kwa sababu watoto wake walikuwa wameuona mchezo huo ng'ambo. Alihitaji mtu wa kusimamia. Nilimwonyesha diploma, nikamwonyesha kovu, nikapanda ukuta wake bila kamba hadi juu nikashuka. Akanipa kazi palepale.

Kamera tatu niliziweka mwenyewe. Programu ilipaswa kutambua mambo matatu: kama kamba ya mpandaji imefungwa kabla miguu haijaondoka chini, kama kuna mtu amesimama mahali ambapo mpandaji anaweza kumwangukia, na kama mkono wa mshika kamba uko kwenye kamba. Hili la tatu ndilo gumu. Kamba hupita katika kidude cha chuma kilichofungwa kiunoni mwa mshikaji, na ni mkono wake wa chini unaoibana. Mkono ukitoka, kidude hakibani, na aliye juu anakuja chini kama gunia.

Programu niliyoichukua kwenye mtandao ilifunzwa kwa picha za watu wengine. Ndani ya ghala lile lenye mwanga hafifu ilishindwa kabisa kuona mkono mweusi juu ya kamba nyeusi. Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi nilipiga picha upya, za mikono yetu, siku baada ya siku, kisha nikazipeleka kambini kwa mama yangu.

Mama hasomi sana. Nilimwekea kompyuta magotini, nje ya mlango, nikambandikia vikaratasi viwili kwenye vitufe. Kimoja niliandika SHIKA, kingine ACHA. Picha ikija, atazame mkono. Ukiwa umeshika kamba, abonyeze kimoja. Ukiwa umefunguka, abonyeze kingine. Alifanya kazi hiyo huku akichambua maharage, na alisema kila picha kwa sauti.

"Inashika. Inashika. Inashika. Hii imeacha. Mutoto yangu, huyu muntu atauwa mwenzake. Muambie."

"Mama, ni picha tu. Hakuna mtu juu."

"Basi anafundishwa mubaya. Imeacha tena. Aibu."

Kwa hiyo mashine yangu ilijifunza kuona kwa jicho la mama, na kila ilipouona mkono umefunguka iliandika juu ya picha, kwa rangi nyekundu, neno lile lile alilobonyeza yeye. ACHA. Halafu ikapiga king'ora.

Kisha kulikuwa na ubao. Katika mchezo huu aliye juu na aliye chini huzungumza kwa maneno mafupi, na katika ghala letu walimu wengine walitumia ya Kiingereza. Mimi nilikuwa nimemwomba tajiri aniruhusu kuleta watu wa kambi Jumamosi asubuhi, na nilisema watu wangu watapanda kwa lugha yao. Huko Johannesburg niliishi miaka mingi na mwalimu mmoja kutoka pwani ya Tanzania, naye alikuwa ameninyoosha Kiswahili changu mpaka nikawa ninaandika barua asizoweza kuzisahihisha. Nikachukua rangi nyeupe nikaandika ukutani maneno manne, herufi ndefu kama mkono: KAZA. LEGEZA. SHUSHA. ACHA. La mwisho lilikuwa la kumwambia mshikaji asimamishe analolifanya, abaki hivyo hivyo. Acha kuvuta. Acha kushusha. Nilisimama mbele ya wanafunzi wangu nikawaambia sheria moja tu: "Neno likisemwa, mkono utii. Msifikiri. Anayefikiri anachelewa."

Nilijivunia ubao ule kuliko kamera.

Sasa niwaeleze watu wawili. Wa kwanza ni fundi wa nguo kutoka Bukavu, mwembamba, mwimbaji wa kwaya, mwenye cherehani kwenye baraza la duka moja Chilinde, mtaa wa Lilongwe. Mkono wake wa kulia hukata kitambaa bila kuchora. Nimeuona ukikata suruali kwa kumtazama mtu tu. Wa pili ni mchuuzi wa vitenge na sabuni hapo kambini, mtu mnene kutoka Kindu, mwenye kaka mkubwa anayeogopwa na kaka mdogo anayepaswa kuogopwa zaidi. Wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, watu hawa wawili walipigana kwenye mjigo, ile pampu ya maji ya upande wetu, kwa sababu ndoo ya mke wa fundi ilipigwa teke ikatoka kwenye foleni. Mchuuzi alimpiga fundi bidoni la lita ishirini kichwani. Fundi alimng'ata sikio. Niliwatenganisha mimi, na damu ya sikio lile ilinirukia kwenye kola.

Nikaona nitawapatanisha. Nani mwingine angeweza? Wazee walikuwa wameongea, mchungaji alikuwa ameongea, shehe alikuwa ameongea. Mimi nilikuwa na kamba. Nikawaza kwamba mtu aliyeshika uhai wa mwenzake mkononi hawezi kumchukia tena. Jumamosi nikawachukua wote wawili mpaka Lilongwe.

Hakukuwa na watu wengine ghalani ila sisi watatu. Niliwasomea ubao na sheria yangu, maana za maneno sikuzieleza, niliona ziko wazi. Mchuuzi alisema atapanda yeye kwanza, kwa kuwa mtu mzito akipanda kwanza ukuta unazoea. Nilikagua mafundo. Kamera ilikagua mafundo. Taa ya mashine ikawa ya kijani. Akaanza kupanda, akipumua kama ng'ombe, na fundi chini alivuta kamba kwa hofu yake yote, mpaka mkanda ukamkaba mwenzake mapaja.

"We fundi," mchuuzi akasema bila kutazama chini, "usinivute kama mbuzi ya sikukuu."

"Panda, papa. Ku mjigo ulikuwaga na nguvu."

"Ku mjigo sikukuwa nafungwa matako na kamba."

Fundi akacheka. Nakumbuka hilo vizuri, kwamba alicheka, na nikafurahi, nikajiona nimeshinda. Mchuuzi alipanda hadi karibu na taa za juu. Hapo alihitaji kurudi kidogo ili abadilishe mguu, na fundi aliendelea kuvuta, akimning'iniza kwenye ncha za vidole.

"Acha!" mchuuzi akasema. Kamba ikavutwa tena. "Nasema acha, we!"

Fundi akamtazama. Akafungua mikono yote miwili.

King'ora kililia hapo hapo. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, na kama nisingekisikia nisingegeuka, maana nilikuwa natazama miguu ya mpandaji. Niliruka nikaishika kamba iliyokuwa ikikimbia. Ilinichuna viganja. Nilisikia harufu ya nyama yangu mwenyewe, nikabana zaidi, na mwendo wa anguko ukapungua, lakini haukukoma. Akafika chini. Nyonga ikavunjika. Goti likampiga kidevu, meno yakafungana juu ya ulimi, na alipofungua kinywa ilitoka damu nyingi na kipande kidogo ambacho sikutaka kukitazama.

Fundi alibaki na mikono yake wazi mbele ya tumbo.

"Alisema acha," akaniambia. "Nikaacha."

"Nyamaza," nikamwambia. Nilikuwa nashughulika kumlaza mtu kwa ubavu asisongwe na damu. Sikusikia alichosema. Masikio yalisikia, mimi sikusikia.

Hospitalini walimshona ulimi na wakamning'iniza mguu. Daktari alisema hatazungumza kwa majuma kadhaa. Viganja vyangu vilifungwa bandeji mpaka vikawa kama ngumi za bondia. Kaka zake wawili walifika, na mkubwa akaniuliza kilichotokea, kwa sauti ya chini, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa heshima kwa kuwa nilikuwa nimemwokoa mdogo wake. Nami nikafanya nilichofanya. Nilimwambia muuguzi anifungulie simu yangu, nikawaonyesha filamu. Mashine yangu huhifadhi kila kitu, ila haihifadhi sauti. Nilikuwa sijaona haja ya sauti. Wakaona mkono wa fundi, mkubwa na wazi kwenye kioo. Wakauona ukifunguka taratibu, vidole vyote vitano, bila kuteleza, bila kushtuka, huku uso wake umetazama juu. Wakaona mwanga mwekundu.

"Mnaona?" nikasema. "Kabla mtu hajaanguka hata kipimo cha mkono mmoja, mashine imeshajua."

"Alifungua mwenyewe," akasema kaka mdogo.

"Alifungua mwenyewe," nikajibu. "Mashine haidanganyi."

Hayo yalikuwa maneno yangu, katika Kiswahili changu safi. Fundi alikuwa amekwisha kuwaambia watu kwamba aliambiwa aache. Kambi nzima ilicheka. Mtu gani aliye juu ya ukuta anaomba kuachwa? Na kila mtu alikumbuka bidoni, na kila mtu alikumbuka sikio.

Siku ya tatu walimfuata Chilinde. Nilielezwa baadaye na mwenye duka. Walikuja watano, wakapindua cherehani, wakamburuta kwa kola ya shati alilolishona mwenyewe, wakampiga mateke mbele ya wateja hadi akatapika. Alijaribu kutambaa chini ya meza ya kukatia. Walimvuta kwa miguu. Kisha wakampandisha kwenye gari dogo la mizigo, chini ya mifuko ya mahindi, wakampeleka Dzaleka, na mchana ule ule wakatuma mtu kuniita. Nije na kompyuta. Wazee wawili wameitwa washuhudie filamu, ili isisemwe kwamba watu wa Kindu wamemwonea mtu.

"Wakishuhudia, halafu?" nikamuuliza mjumbe.

"Halafu mukono," akasema. "Ule wa kuume. Ule ulifunguka."

Sikuweza kubeba kompyuta wala kubonyeza kitufe, kwa sababu ya bandeji. Mama akaibeba. Nilimkataza, akaniambia tangu lini mtu mwenye mikono ya pamba anamkataza mtu kitu.

Ua wa kaka mkubwa ulikuwa umejaa. Katikati walikuwa wamepindua kinu, na fundi alikuwa amepiga magoti mbele yake, jicho moja limezibwa na uvimbe, mdomo umepasuka mahali pawili, mkono wa kushoto umefungwa mgongoni. Wa kulia ulikuwa juu ya kinu, umefungwa kwa kamba ya nailoni kwenye kifundo, kiganja kimelala juu ya mbao. Kaka mdogo alisimama pembeni ameegemea mchi. Mchi ule ulikuwa bado na unga mweupe kichwani.

"Karibu, yaya," akasema kaka mkubwa. "Mama, karibu kiti. Pole na safari. Hatutakawia."

Mama akakaa, akaweka kompyuta magotini kama kawaida yake, akaifungua. Wazee wakainama. Nikamwelekeza filamu iliko. Kwenye kioo mkono ukashika, mkono ukashika, mkono ukafunguka, na neno jekundu likatokea juu yake.

"Isimamishe hapo," akasema mzee mmoja. Mama akaisimamisha. Mzee alikaza macho. "Hapa kumeandikwa nini?"

"Ile ni ya mie," mama akasema, na alikuwa na fahari kidogo, Mungu amsamehe, fahari hiyo niliirithi kwake. "Mie njo nilifundisha hii machini. Mukono ikishika, nafinyaga hii. Mukono ikifunguka, nafinyaga hii ingine. Acha. Inasema acha."

Mzee akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi. "A-cha."

Fundi akainua kichwa. Kinywa chake kilikuwa kibaya, na alichukua muda kukusanya maneno.

"Njo ile alisema," akasema. "Acha. Mara mbili. Na iko inaandikwa ku mur, ku ukuta yake, kubwa. Yaya alisema neno ikisemwa, mukono itii."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee aliangalia kioo, akaangalia mkono uliofungwa kwenye kinu, kisha akaniangalia mimi, na nyuso nyingine zikafuata.

Hapo ndipo niliposikia. Siku tatu zilipita tangu aliponiambia, na nilisikia wakati ule. Kwetu sisi, watu wa mashariki ya Kongo, kama ilivyokuwa kinywani mwa mama yangu kila siku ya maisha yangu, mkono unaoacha ni mkono uliofunguka. Kwa mwalimu wangu wa pwani, kumwambia mtu acha, hasa anapokuvuta, ni kumwambia asimame. Nilijua maana zote mbili. Nilikuwa nimetumia ile ya mama ndani ya mashine na ile ya mwalimu ukutani, hatua kumi kati ya kamera na ubao, na sikuziona zikitazamana. Mchuuzi aliusoma ubao wangu sawasawa. Fundi alitii sawasawa.

Niseme ukweli kuhusu pumzi moja iliyofuata. Katika pumzi hiyo nilifikiria ghala, na tajiri, na jina langu. Nilifikiria kwamba hakuna mtu mwingine aliyekuwepo pale, na kwamba mwenye ulimi ulioshonwa hataweza kusema lolote kwa majuma. Nilifikiria kwamba mtu mwenye diploma anaweza kulieleza jambo hili kwa namna nyingi. Kisha kaka mdogo akainua mchi begani, na fundi akafumba lile jicho lake moja.

"Neno ni langu," nikasema. "Niliandika mimi."

"Sema vizuri," akasema kaka mkubwa.

"Mdogo wako alimwambia asimame. Yeye alisikia aachilie. Ubao niliandika mimi, na sheria ya kutii bila kufikiri niliiweka mimi. Fundi hana kosa."

"Ku pwani, acha ni nini?"

"Ni simama. Usiendelee."

"Na hapa?"

"Ni kuachilia."

"Na we ulijua?"

"Nilijua yote mawili."

Kaka mkubwa alinitazama bila hasira, na hilo liliniuma kuliko hasira. "Ulisoma sana, yaya," akasema. "Mpaka ukasahau mama yako anaongea namna gani. Na anaongea mbele yako kila siku."

Akainama akafungua nailoni kwenye kifundo cha fundi. Aliifungua mwenyewe, polepole, fundo baada ya fundo. Nilidhani yamekwisha. Lakini kaka mdogo alikuwa ameamka asubuhi ile ili avunje mkono, na mkono wangu ulikuwa karibu, nimeuegemeza ukingoni mwa kinu nilipoinama kumtazama fundi. Mchi ukashuka. Bandeji ilisaidia kidogo. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilivunjika mahali pengi mno, na kimoja kilipasuka kama ganda la karanga. Nilianguka juu ya kinu nikauma mbao.

Mara ya pili haikufika. Mama yangu, aliyekuwa ameketi na kompyuta magotini, alisimama akaifunga, akaishika kwa mikono miwili, akampiga nayo kijana yule usoni kwa ubapa. Pua ilivunjika. Akampiga tena. Kioo kilitoka vipande, na vitufe vyenye vikaratasi vyake viliruka mpaka miguuni kwa wazee. Ilihitaji wanaume watatu kumzuia. Kazi yangu yote ilikuwa ndani ya kompyuta ile, na mtu mwingine angelia. Mimi nilikuwa nimeweka nakala mahali pengine, kama nilivyofundishwa na kama wachache wanavyofanya.

Fundi alirudi kwa mkewe akiwa ameshika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto kama mtu aliyebeba kuku. Hakuniaga.

Sisi tulitoka hadi barabarani kutafuta baiskeli ya kabaza, ile ya kubeba abiria, inifikishe kliniki. Dereva, Mmalawi wa makamo, aliuona mkono wangu ukichuruzika, akanipa pole na kuuliza kilichotokea.

"Pepani, bambo. Chachitika n'chiyani?"

Mama, ambaye Kichewa chake ni cha sokoni, alimwambia ni neno. Neno moja baya. Akamtajia neno lenyewe na akamwonyesha kwa mkono, akifunga na kufungua. Yule mtu akasema kwa lugha yao ni leka, na akacheka, akanyoosha kidole nyuma yetu, kambini. Dzaleka. Zamani palikuwa gereza, na wafungwa walisema hivyo: nitaacha. Nimeishi mahali hapo nusu ya maisha yangu na sikuwahi kuliweka jina lile kwenye ulimi wangu na kulionja. Nilipanda nyuma ya baiskeli nikiwa nimebana mkono kwapani. Damu ilimlowesha mgongo, naye hakulalamika.

Kliniki walivikata vile vidole viwili. Nimepiga chapa haya yote kwa vinane, na bado ninapiga haraka kuliko makarani wengi wa Lilongwe. Tajiri hakunifukuza. Nilimweleza mwenyewe kabla hajaelezwa na wengine, nikamwambia nitaongeza sauti kwenye mashine, na nimeiongeza. Neno lile nililipara ubaoni mpaka mbao ikaonekana, na mahali pake niliandika SIMAMA. Kwenye vitufe vya mama sasa ni SHIKA na WAZI. Anasema WAZI halina ladha.

Mchuuzi alirudi kwenye vitenge vyake akitembelea fimbo. Anazungumza kwa kitembe. Nilipokwenda kumwomba radhi alinisikiliza, halafu akasema, "Nilisoma ile ulinifundisha kusoma," akageukia mteja. Kaka mdogo ana pua iliyopinda, na anapompita mama yangu njiani huvuka upande wa pili.

Fundi naye nilimwendea barazani kumwomba radhi, akaendelea kushona. Jumamosi moja akaja ghalani, akasimama karibu na mlango, akasema hataki kupanda. Anataka kushika kamba, na anataka nipande mimi. Nikajua anachotaka. Nikafunga fundo kwa vidole vyangu vinane, akalikagua kwa vyake kumi.

"Ukichoka unasema nini?" akauliza.

"Shusha."

"Ukitaka kamba iongezeke?"

"Legeza."

"Na ile ingine?"

"Sitaisema."

Nikapanda. Kwa mkono usio na vidole viwili ukuta ule ni ukuta mwingine. Nilifika karibu na taa za juu, pale pale alipofika mchuuzi, na ilinibidi kurudi kidogo nibadilishe mguu. Fundi alikuwa akivuta. Bado anavuta sana, ndivyo alivyo, mkanda ulinikaba na kuninyanyua kwenye vishikio. Neno likanijia mdomoni lenyewe, likiwa zima, na nikalibana kwa meno. Nikatafuta lile jipya, lile nililoliandika ukutani kwa mkono wangu mwenyewe. Halikuja. Mimi niliyefundisha kila mtu katika jengo lile nilining'inia pale jasho likiniingia machoni, na sikulipata.

Taa ilikuwa ya kijani.

"Sema, yaya," fundi akasema. "Mi iko nashika."